Mvuna ndizi wa barabara kuu apoteza uso

Jua limeshapanda juu ya mabati ya karakana, lakini katika uwanja wa malori wa Sidakerta hakuna injini inayounguruma. Leo si sikukuu. Madereva wamezima magari yao kwa hiari. Wengine wamevuta viti vya plastiki, wengine wamechuchumaa na glasi za kahawa nzito yenye machicha, na wote wanatazama upande mmoja: mgongo wa lori la njano la dereva mwenzao Tasripin.

Hapo, juu ya kreti lililopinduliwa, amesimama mwanamke mfupi mwenye rangi kila kidole. Mkononi ana kitambaa kilicholowa thina ya kuyeyushia rangi. Anakiinua, anakishusha, anatazama picha iliyo mbele yake, anakikunja upya.

"Bu Kasi," dereva mmoja anamtania, "hicho kitambaa utakikunja mpaka kiwe leso ya harusi."

"Wewe kunywa kahawa yako," anajibu bila kugeuka. "Ukipaka vibaya unafuta. Ukifuta vibaya unafanyaje?"

Jina lake kamili ni Kasiyati, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, mchoraji wa migongo ya malori. Madereva wanamwita Bu, yaani mama, kama mwanamume aitwavyo Pak, hata wale waliomzidi umri. Kazi iliyo mbele yake asubuhi hii hajawahi kuifanya tangu ashike brashi. Ameamriwa kuufuta kwa mkono wake mwenyewe uso wa mtu aliyemchora, na amepewa mpaka adhuhuri.

Asipoufuta, lori la Tasripin halitapakia tena mawe ya barabara za wilaya, na mawe ndiyo yanayoilisha nyumba ya Tasripin. Akiufuta, picha ambayo watu wa pwani hii wamekuwa wakitumiana kwenye simu mwezi mzima, kutoka mji wa Tegal mpaka mji wa Semarang, itabaki kwenye simu tu.

Picha yenyewe imejaza mlango wote wa nyuma wa lori. Barabara inakwenda mpaka milimani. Katikati ya lami kuna shimo, shimoni kuna mgomba, na mgomba umebeba mkungu ulioiva hadi unataka kudondoka. Chini yake amesimama bwana mmoja wa sare ya kaki, kitambi mbele, masharubu yamechanwa, kanyoosha mkono kuchuma ndizi. Nyuma yake foleni ya malori imekwenda hadi macho yanakoma. Chini kabisa, kwa herufi nyekundu, pameandikwa: MKIZIBA SHIMO, NDIZI TUTAPATA WAPI?

Habari ya migomba kila mtu hapa anaijua. Barabara ikitoboka na ofisi ikanyamaza, watu wa kijijini hutoka na majembe wakapanda mgomba katikati ya shimo. Dereva anauona kwa mbali, anapunguza mwendo. Ofisi inauona, inaona haya, inatuma kifusi. Mara nyingine haioni haya. Kwenye njia ya kwenda machimbo ya mawe kuna mgomba ulioachwa mpaka ukazaa.

"Hilo ndilo lililonichoma," anasema Kasiyati. "Mgomba unachukua karibu mwaka kuzaa. Yaani lile shimo limelea mtoto mpaka kakua."

Shimo hilo anajuana nalo kwa sababu nyingine pia. Mgomba ukiwa umeshazaa, mumewe Darkum, anayezungusha tofu, vile vipande vya maharage ya soya, kwa pikipiki, aliteleza asubuhi moja ya mvua akaingia humo. Akavunjika mtulinga. Trei zote za tofu zikamwagika mtaroni, na bata wa jirani, anasema Darkum, walishiba siku hiyo kuliko watoto wa shule.

Akakaa nyumbani na mkono umening'inia shingoni. Ndipo Tasripin alipoleta lori lake lichorwe.

"Nilihitaji mtu wa kusimama mbele yangu nimtazame," anaeleza Kasiyati. "Nyumbani kuna mwanamume, hana kazi, ana kitambi, ana masharubu. Nitafute mwingine wa nini?"

Basi Darkum akasimama uani siku tatu, mkono mzima ameunyoosha kuelekea fagio lililotundikwa kwenye kamba ya nguo, akijifanya anachuma ndizi.

"Bega zima nalo likaanza kuuma," anasema Darkum. "Nikamuuliza, mama, huyu mwizi wako mbona hapewi nafasi ya kukaa? Akaniambia, wezi wa namna hii huwa hawachoki, simama."

Kasiyati alianza kwa kuosha brashi za mjomba wake huko Tegal. Mjomba alikuwa akichora mabango makubwa ya sinema, nyuso za waigizaji ukubwa wa nyumba, machozi kila tone kama boga. Halafu zikaja mashine za kuchapisha. Bango lililomchukua mjomba wiki moja likawa linatoka mashineni kabla kahawa haijapoa. Mjomba akafunga ngazi zake kwenye baiskeli akahamia kwenye malori, na msichana wa brashi akamfuata.

Lori la kwanza alilolichora peke yake, mjomba alipoumwa kiuno, lilitakiwa kuwa na simbamarara anayenguruma. Akatoka mnyama aliyefanana na paka aliyenyimwa samaki. Kasiyati alidhani atafukuzwa. Mwenye lori alicheka mpaka akaegemea tairi, akalipa zote, akasema mkewe tangu hapo hataogopa kupanda.

Siku hizi adui ni stika. Mlango mmoja anautoza kati ya rupia laki nane na milioni moja na nusu, na mwezi mzuri anapata malori matatu. Msimu wa mvua huenda asipate hata moja, maana rangi haikauki. Duka la stika la njia panda linachapisha picha yoyote kwa nusu ya bei hiyo, dereva akisubiri.

"Lakini stika haijawahi kupanda lori," anasema.

Hiyo ndiyo kawaida yake, na madereva wanaijua: hachori mpaka asafiri na dereva safari moja, kwenda na kurudi, amekaa katikati na utingo kambana mlangoni. Haulizi mengi. Anatazama. Dereva mmoja alitaka mrembo wa sketi fupi, akaondoka na picha ya mtoto mlangoni anayemwambia mama yake, "Kuna mjomba amekuja," na huyo mjomba ni baba mwenyewe na begi lake. Yule dereva alinuna. Mwaka wa pili sasa amegoma kuibadilisha.

Kwa Tasripin naye alipanda. Walikwenda machimboni, wakapakia, wakarudi. Mgomba aliuona. Lakini aliona na mengine: mawe yaliyorundikwa kupita kingo za bodi, matairi yaliyobonyea, na kwenye mizani kioo cha dirisha kikishushwa kidogo na noti iliyokunjwa ikitoka nje kama ulimi.

"Niliona, sikuchora," anakiri. "Lori ni lake, na yeye ndiye mteja. Nikachora kosa la yule mwingine."

Picha ikatoka barabarani. Kijana mmoja wa pikipiki aliyekuwa nyuma ya lori akaipiga picha kwa simu yake, na kufikia jioni ilikuwa imeshafika kwa watu wasiojua Sidakerta iko wapi. Ikafika pia Yogyakarta, kwa Wening, binti anayeandaa maonyesho ya picha zinazosema habari za maisha ya watu wa sasa. Akapiga simu, akaomba mlango ule uje kutundikwa ukutani katika jumba lao la maonyesho mwezi ujao, pamoja na kazi za wachoraji wa mjini.

"Niliangusha kijiko," anasema Kasiyati. "Mjomba angekuwa hai ningempigia yeye kwanza. Maisha yake yote alichora nyuso kubwa na hakuna aliyewahi kumuuliza jina."

Ikafika na kwenye ofisi ya barabara ya wilaya.

Jana mchana, Prayitno, ofisa wa ofisi hiyo, mtu mkimya mwenye soksi zisizofanana, alisimamisha pikipiki yake uwanjani akauliza nyumba ya mchoraji. Madereva wakamsindikiza wote, bila kualikwa.

"Mama," alianza, "mkubwa wangu anasema ule uso ni wake."

"Ule ni uso wa mume wangu, bwana."

"Mama, yale masharubu."

"Mume wangu anayo."

"Na kile kitambi."

"Hicho ndicho alichoniolea nacho." Kasiyati akageukia jikoni. "Baba, toka kidogo, unatafutwa na serikali."

Darkum akatoka na kipande cha tofu mdomoni. Prayitno akamtazama Darkum, akaitazama picha kwenye simu yake, akamtazama tena Darkum, ubavuni na usoni.

"Sasa tatizo limekuwa kubwa zaidi," alisema hatimaye kwa huzuni. "Mumeo anafanana na mkubwa."

Wanaosimulia wanasema kicheko kilisikika mpaka kituo cha mafuta. Lakini Prayitno hakucheka. Akasema amri ni amri: uso uondoke kesho kabla ya adhuhuri, la sivyo lori hilo lisije kupakia mawe ya wilaya. Picha nyingine yote, alisema, hana neno nayo. Mgomba ule na yeye anaupita kila siku, na uti wa mgongo wake ni shahidi.

Kisha akawageukia waliokuwa wakimcheka.

"Na nyie msinionyeshe meno," alisema. "Lile shimo halikuchimbwa na ofisi kwa koleo. Lori la tani nane likipita na tani kumi na tano juu yake, kutwa mara tatu, nani kachimba? Sisi tumechelewa kuziba, sawa. Nani katoboa?"

Alivaa kofia yake akaondoka.

Ndiyo maana asubuhi hii kahawa inanywewa polepole, na ndiyo maana Wening mwenyewe yupo. Amekuja kwa treni ya kwanza, na sasa amesimama kando ya kreti, begi mgongoni, akimwambia Kasiyati kwa sauti ya chini jambo ambalo kila mtu analisikia.

"Mama, kuna njia. Tuufungue mlango. Bolti tu hizi. Jumba litamnunulia Pak Tasripin mlango mpya, nao huu niondoke nao leo hii, uso na kila kitu. Ofisi haitakuwa na la kusema, lori litakuwa safi, na picha itakuwa salama."

Madereva wanatazamana. Njia yenyewe haina kasoro. Tasripin, mtu mrefu asiyejua mikono yake aiweke wapi, anakuna shingo.

"Mimi msiniulize," anasema. "Lori ni langu, picha ni yake, mawe ni ya wilaya. Bu, wewe amua. Ukisema tufungue, spana ninayo."

Kasiyati anashuka kwenye kreti. Anarudi nyuma hatua kadhaa, mpaka pale ambapo gari lingekuwa likifuata lori. Anatazama kwa muda mrefu. Wening anangoja, na mtu yeyote angeona anavyotaka jibu liwe ndiyo. Na Kasiyati pia anataka. Amelisema waziwazi: hajalala akiwaza kuingia kwenye lile jumba na kuukuta ule uso umetundikwa ukutani, umewashiwa taa yake peke yake.

"Mwanangu," anamwambia Wening, "nisamehe. Watu wa jumba lako watavaa viatu waende kuiona. Yule wa pikipiki hakwenda kuiona. Alikuwa anaenda kazini. Ikiondoka barabarani, nani atamwambia?"

"Lakini bila uso, mama?"

"Bila uso."

Anapanda kreti, anabandika kitambaa kwenye uso wa bwana wa kaki, na anasugua.

Hapo ndipo mambo yanapoanza kwenda kombo. Macho yanatoka. Mashavu yanatoka. Pua inagoma kidogo, kisha inatoka. Masharubu hayatoki. Ile rangi nyeusi alinunua ya bei ya chini, na imeuma mpaka kwenye rangi ya msingi. Kila akisugua, doa linatanuka, na sasa bwana wa kaki hana macho wala pua, ila masharubu anayo, tena mapana kuliko mwanzo.

"Yamekataa uhamisho," sauti inasema kutoka kwenye viti.

"Yanasubiri pensheni."

"Bu, mwulize mumeo, kwake yanatokaje?"

"Kwangu hayatoki pia," Darkum anaitikia. "Nimeoa nayo."

Kasiyati hacheki. Shingo imemwiva. Anaomba msasa, anaomba maji. Darkum anamwagia kwa bilauri huku yeye akisugua kwa duara, msasa wa kukwaruza kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi. Rangi ya msingi inaondoka. Puti iliyo chini yake inaondoka. Chuma kinaonekana, na juu ya chuma, amini usiamini, kivuli cha masharubu bado kipo.

"Niletee jivu," anamwambia mumewe. "Na ukwaju."

Kwa jivu na ukwaju ndivyo mama yake alivyong'arisha sufuria zake, na ndivyo yeye anavyosugua sasa, kwa ganda la nazi, kiganja kizima, mgongo wote ukienda na mkono. Kahawa zimewekwa chini. Fundi wa matairi ameacha gurudumu lake. Mwanamke wa wali wa fenesi changa naye amefunika chungu na kuja. Maji meusi yanatiririka juu ya barabara iliyochorwa, yanapita kwenye foleni ya malori, yanadondoka mchangani.

Mwishowe anapangusa kwa kanga kavu. Masharubu hayapo.

Hapo hapo anapaka vanishi isiyo na rangi, mara mbili, kwa sababu upepo wa bahari hapa haukiachi chuma kitupu kilale bila kutu. Kisha anashuka, anakaa juu ya kreti, mikono magotini, kama mtu aliyetoka kuzika.

Wa kwanza kusogea ni Tasripin. Labda anataka kusema asante, labda pole. Anafika karibu na mlango, anainama kidogo, na anasimama vivyo hivyo, ameinama.

Bwana wa kaki ana uso. Umepinda kidogo, una rangi ya samawati ya chuma, lakini ni uso, na una kofia ya Tasripin na mdomo wa Tasripin. Unachuma ndizi.

"Bu," anasema polepole. "Huyu mtu ananijua."

"Nani?" anauliza Kasiyati, ambaye bado hajaelewa.

"Njoo uone."

Hawezi kufika. Wameshamtangulia wote, viti vimeanguka, wanasukumana kama watoto kwenye dirisha la basi. Nipishe nijione. Ondoa kichwa chako, unaniziba. Wewe kaki inakupendeza, ungegombea. Kila mmoja anainama, kila mmoja anacheka, na ukitazama vizuri, kila mmoja anatoka pale na kicheko kimepungua kidogo. Mzee mmoja wa lori la vitunguu anarudi mara ya pili, peke yake, anajitazama, anavua kofia, anarudi kwenye lori lake.

Kasiyati anafika mwisho. Anajiona, na mkono wake mwenyewe kama umenyooshwa kwenye mkungu.

"Naapa sikukusudia," atasema baadaye, bado akitikisa kichwa. "Nilikuwa na hasira na yale masharubu tu. Lakini nilipoona Tasripin amejiona, nikaikumbuka ile noti ya mizani. Nikasema, kumbe. Nilichokiacha kimejichora chenyewe."

Wening amekaa chini mchangani na begi lake, analia na kucheka kwa pamoja, akipiga picha ambazo zote zinatoka na yeye ndani.

Prayitno anaingia uwanjani adhuhuri ikikaribia. Anateremka, anavua kofia, na watu wanampisha njia pana kama bwana harusi. Anauona mgomba. Anaiona sare, kitambi, mkono. Anauona mng'aro mahali pa uso, na kwa kuwa ni mtu wa kuhakikisha, anasogea, anainama.

Anainyoosha kola yake.

Kisha anatoa simu. Lazima apeleke ushahidi. Anapiga picha, anaitazama: ni yeye, simu mkononi, anachuma ndizi. Anasogea kushoto, anapiga tena: ni Darkum, aliyesimama nyuma yake akitafuna. Prayitno anamtazama Darkum kwa macho ya mtu aliyeonewa.

"Pak, nakuomba. Wewe hasa usisimame hapo."

Anapiga ya tatu kwa upande mwingine kabisa, na hapo linatokea wingu. Hiyo anaihifadhi.

"Uso wa mkubwa haupo," anatangaza. "Hilo naweza kulisema bila kuongopa." Anavaa kofia, anakwenda mpaka kwenye pikipiki, anarudi. "Mama, na hicho kinachong'aa, hakiwezi kupungua?"

"Nimefika kwenye chuma, bwana," Kasiyati anamjibu kwa upole. "Chini ya chuma hakuna kitu. Ukisugua zaidi unatoboa."

Prayitno anafikiri. Ukingo wa mdomo wake unacheza.

"Basi yaishe hapo. Tasripin, kesho njoo upakie."

"Nitakuja, bwana."

"Tani nane."

"Tani nane?"

"Umenisikia," anasema Prayitno, na kwa kidole anaonyesha mlango wa lori, kama vile shahidi yupo pale.

Alasiri uwanja umechangamka kama siku ya mnada. Injini zimewashwa lakini hakuna anayeondoka. Madereva wanne wameshaomba milango yao ing'arishwe. Mmoja anataka sura ya askari wa mizani iwe ya chuma, mwingine anataka ya mama mkwe wake. Kasiyati anawakatalia wote kwa muda.

"Kwanza nipande lori lako," anamwambia kila mmoja. "Zamani nilikuwa natazama dereva analia nini. Sasa nitatazama na anamliza nani. Ukikubali hivyo, lete gari."

Wawili wamekubali. Wawili wamesema watafikiria.

Kuhusu Yogyakarta, yeye na Wening wameelewana upya. Mlango hautafunguliwa. Litakwenda lori zima, Tasripin akiliendesha, nalo litaegeshwa barabarani mbele ya jumba, mgongo ukitazama mlango wa wageni, siku ya ufunguzi na siku mbili zinazofuata. Wakuu watakaokuja kukata utepe watalazimika kupita hapo. Wening ameshaanza kuwapigia simu wenzake, anatembea huku na huku, anakanyaga maji ya rangi bila kujua.

Kasiyati naye hana nafasi ya kupumzika. Ameshaliwekea magogo ya kuzuia matairi lori la bluu la vitunguu, la yule mzee aliyevua kofia, na amemwamuru mumewe apande pikipiki yake ya tofu akae nyuma yake. Kabla ya kulipanda na kulichora, anataka kujua macho ya mtu wa pikipiki yanafika wapi, maana kwenye lori la Tasripin uso umekaa juu mno. Anayejiona vizuri ni dereva wa basi.

"Usinyooshe shingo," anamwambia Darkum, chaki mkononi. "Kaa kama ukiwa umechoka."

"Nimechoka tangu uliponipa uheshimiwa."

"Hivyo hivyo. Usisogee."

Anapiga mstari kwenye mlango, anarudi nyuma, anaufuta kwa kidole, anapiga mwingine chini kidogo. Anasema matumaini yake si makubwa sana. Kabla ya Idi ijayo anataka malori kumi ya namna hii kwenye barabara ya pwani, kila moja na kosa lake na uso wake wa chuma, ili mtu akitoka Tegal kwenda Semarang asimalize safari bila kujikuta nyuma ya mojawapo.

"Na akiamua kulipita?" Wening anamuuliza.

Kasiyati anaupulizia mstari wa chaki, vumbi linaondoka.

"Apite," anasema. "Mbele atakuta lingine."